Tatu Isiyowaka

Fundi wetu wa sebuleni ameunda saa inayoonyesha pia tarehe, ya taa za tarakimu za Nixie, zile zilizoingia sokoni mwaka 1955. Inataka volti 170 hivi kuonyesha kile ambacho simu yake huonyesha bila jasho. Sasa tatu ya taa ya kwanza, inayoitwa kazini tarehe 30 na 31 tu, inawaka nusu uso. Amebadilisha transista, amechoma lehemu upya, amelaumu umeme. Wapi! Tarakimu ikikaa bure, chembe za metali kutoka kwa zinazowaka huigandia. Dawa ni kuiwasha kila usiku, ifanye kazi. Hii saa ni ya ajabu: mvivu ndiye anayefifia. Ofisini kwetu mvivu ndiye anayeng'aa, na posho juu.