Mbuzi wa Mpumudde Aombea Sare

Jumamosi jioni, Mpumudde, mjini Jinja. Uwanja wa mpira usio na nyavu. MBUZI amefungwa kamba kwenye nguzo ya goli. Juu ya mtambaa panya amesimama KONGOTI, ametoka kula jalalani. Ng'ambo ya njia, KOMBE la bati lililopakwa rangi ya dhahabu limeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha video, likauke. Kesho Arsenal inacheza na Manchester United.

KOMBE: Shikamoo, Mama Mbuzi. Tafadhali usinisogelee, rangi yangu bado mbichi.

MBUZI: Marahaba, mwanangu. Nikusogelee vipi? Kamba yangu inaishia hapa.

KOMBE: Kesho ndiyo kesho! Fundi amenigonga nyundo tangu asubuhi. Tukishinda nazungushwa mji mzima, boda boda mbele, boda boda nyuma.

KONGOTI: Tukishinda? Umezaliwa leo asubuhi kutokana na debe la mafuta ya kupikia, umeshakuwa "sisi"?

MBUZI: Mwache, Mzee Kongoti. Hapa mtaani yuko kijana aliyefiwa na shangazi yake akasema "wamefiwa". Arsenal ikifungwa anasema "tumefungwa".

KONGOTI: Basi nisikilizeni mimi, maana nimekaa juu ya mapaa ya vibanda kuanzia hapa mpaka Mbale. Hawa wawili, Arsenal na United, wanajuana. Oktoba 2004 Arsenal ilikwenda Old Trafford ikiwa na mechi 49 bila kufungwa. Ikapigwa 2-0, na baada ya mechi kipande cha piza kikamtua kocha wa United, Ferguson, usoni. Agosti 2011 ikarudi pale pale, ikala nane.

KOMBE: Tulifunga mbili!

KONGOTI: Nane kwa mbili, ndiyo. Na hicho kipande cha piza kiliniuma sana. Chakula kizima kimepotea kwenye suti ya mtu! Kingeanguka chini ningekuwa na la kusema. Piza yenyewe nasikia ni chapati tu iliyomwagiwa vitu juu badala ya kuviringishwa na mayai ndani kama rolex yetu. Ndiyo maana inarushika. Rolex ukiirusha inafunguka njiani, yai huku, nyanya kule...

MBUZI: Mzee, umeshiba. Rudi kwenye mpira.

KOMBE: Mbona hamsemi ya Januari 2023? Tarehe 22, London. Rashford wa United alitangulia kufunga, Nketiah wetu akasawazisha, Saka akaongeza, Martinez akarudisha. Dakika ya 90, Nketiah tena! Tatu kwa mbili! Kesho yake hapa hapa Jinja kaka yangu, kombe kama mimi, akabebwa barabarani, vijana wamevaa jezi nyekundu, honi zinalia.

MBUZI: Maliza hadithi, mwanangu.

KOMBE: ...Polisi wakawakamata.

KONGOTI: Wanane. Ilitangazwa mpaka London.

MBUZI: Kosa lao?

KOMBE: Kuandamana bila kibali.

MBUZI: Na hapo Afande naye hakuniridhisha. Alitaka waandike barua gani? "Mheshimiwa, sisi wakazi wa Jinja tunaomba kibali cha kufurahi siku ya Jumatatu, kwa sababu Jumapili, dakika ya 90, kijana aitwaye Nketiah atafunga goli." Afande agonge muhuri, nakala kwa mkuu wa wilaya, nakala kwa Rashford ajue. Nketiah mwenyewe hakuomba kibali cha kufunga. Watu walikuwa na honi na bati, basi. Angewaacha wazunguke mara mbili, njaa ingewarudisha nyumbani.

KOMBE: Kumbe uko upande wetu!

MBUZI: Siko upande wenu. Nawatetea wasilale korokoroni. Kuhusu akili zao, nina kesi yangu.

KONGOTI: Kesi gani, Mama? Wewe timu yako ipi?

MBUZI: Sare.

KONGOTI: Hiyo ni timu?

MBUZI: Kwangu ndiyo timu. Mwenye zizi alikuwa akibeti hela. Wiki hadi wiki mkeka unachanika, karatasi nakula mimi. Wino wake mchungu. Hela ilipokwisha akaniweka mimi. United ikishinda nahamia kwa jirani. Arsenal ikishinda naliwa kwenye shangwe, na huyu Kombe akiwa mezani. Sasa niambieni, mlitaka nimshabikie nani?

KOMBE: Pole, Mama. Sikujua.

MBUZI: Utajuaje, na umegeuziwa kwenye kibanda? Mimi nimegeukia nyumba. Ada ya mtoto ilikwenda kwa mwenye duka la betingi, mtoto akarudishwa nyumbani kutoka shule. Yuko pale, anachezea mpira wa mifuko ya plastiki, na mgongoni mwa fulana yake ameandika SAKA kwa makaa. Baba yake anajua beki gani wa London ana maumivu ya goti. Goti la mwanawe limechubuka tangu juzi, hajaliona.

KONGOTI: Mama, umeanza kuhubiri.

MBUZI: Naliwa kesho, acha nihubiri! Mnajua mnakanyaga wapi? Hapa Mpumudde, tarehe 6 Aprili 1923, alifia Kabalega, Omukama, yaani mfalme wa Bunyoro. Alipigana na Waingereza kwa miaka, wakamkamata 1899 na jeraha la risasi, mkono ukakatwa, wakampeleka Ushelisheli. Walipomruhusu hatimaye arudi, akafika hapa, pumzi ikakata kabla hajaiona Bunyoro. Sasa hesabu: Januari 2023, imebaki miezi isiyofika mitatu itimie miaka 100, watu wa mji huu huu wanakamatwa kwa ajili ya timu ya London. Na timu gani? Iliyoanzishwa 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Mzinga mmeuvaa kifuani, na mnaulipia!

KOMBE: Ni nembo tu, Mama.

MBUZI: Nembo tu. Haya.

KONGOTI: Lakini tuseme kweli. Mpira wa kwetu una vumbi. Mechi unaambiwa saa tisa, inaanza ukishachoka kusubiri. Kule London nyasi kama zulia.

MBUZI: Nyasi najua mimi kuliko wewe. Vumbi lipo, sibishi, na wakubwa wa mpira nao wana lao la kujibu. Lakini zulia la London limenunuliwa kwa hela ya watu waliokwenda uwanjani. Kijana wa Mpumudde analipa kibandani, analipa dukani kwa jezi, analipa betingi, halafu analalamika uwanja wetu wa Bugembe hauna nyasi. Zitoke wapi? Tena bwawa la umeme liko pua na mdomo tangu 1954, malkia wa Waingereza mwenyewe alikuja kulifungua, na kesho mtaangalia mechi kwa jenereta.

KOMBE: Sasa mnataka mashabiki wangu waende wapi?

MBUZI: Busoga United na BUL wakikutana, waende. Hao ndio mahasimu wa kweli: Busoga United walianza kama timu ya shule, Kirinya-Jinja SS, BUL ni wa kiwanda cha mafuta ya kupikia. Kipa ukimzomea anageuka kukutazama. Mchezaji ukimpa soda anajua nani kampa. Kesho yake mnakutana sokoni, mnataniana uso kwa uso.

KONGOTI: Na Mbale wasiachwe. Mbale Heroes walichukua Kombe la Uganda 1999.

KOMBE: Lakini mimi, Mama, nimetengenezwa kwa ajili ya Arsenal. Nitafanya kazi gani kwa watu wa kiwanda cha mafuta?

MBUZI: Wewe ulikuwa debe la mafuta, mwanangu, hao ni ndugu zako. Na kazi wanaijua. Mwaka 2022 BUL waliifunga Vipers 3-1 kwenye fainali ya Kombe la Uganda. Lile halikuwa la bati, na lilikuja Jinja.