Ushauri wa Magari: Gari Linalopiga Goti Alfajiri

Msomaji wa Masaki, Dar es Salaam, mwenye Mercedes-Benz CL 500 ya mwaka 2001, anaeleza kwamba gari lake hulazwa likiwa limesimama sawasawa na kukutwa alfajiri limepiga goti upande wa mbele kushoto, jambo ambalo jirani amelihusisha na mahasidi, naye anauliza atangulie kwa fundi au kwa mganga.

Inashauriwa atangulie kwa fundi, kwa kuwa mganga hana geji ya kupimia mkandamizo. Gari la aina hiyo, lenye milango miwili na lililotoka mara ya kwanza mwaka 1999, lilikuwa la kwanza la kampuni yake kufungwa mfumo wa ABC, ambamo springi ya kila gurudumu huambatana na silinda ya haidroliki, yaani silinda inayosukumwa na oili, ili kompyuta iweze kuinua au kushusha kila pembe ya gari na kulizuia lisilalie upande kwenye kona. Oili hiyo husukumwa na pampu kwa mkandamizo unaokaribia bar 200, ilhali tairi hujazwa bar 2 na ushei, kisha hugawanywa na vali; na mipira ya vali ikichakaa, oili hurudi polepole tangini usiku, gari likashuka pasipo tone kuonekana sakafuni. Kwa hiyo mwenye gari na atazame sakafu, kisha kina cha oili tangini: sakafu ikiwa kavu na oili imepanda, mshitakiwa ni vali, sakafu ikiwa imelowa, kuna bomba au mpira uliopasuka, na injini isiwashwe, kwani pampu inayozunguka bila oili hujisaga yenyewe na kusambaza chembe za chuma katika mfumo mzima. Wauzaji hawapendi kulitaja hili, lakini gari lililonunuliwa kwa bei ya Toyota IST halikugeuka kuwa IST, na vipuri vyake bado vina bei iliyokusudiwa mfuko wa mnunuzi wa kwanza.

Msomaji wa Mombasa, mwenye gari kama hilo, ameshauriwa na fundi wake ang'oe mfumo wote na kufunga springi na shokamzoba za kawaida. Jambo hilo linawezekana, na kwa aliyeishiwa fedha si aibu, ila ni lazima ajue kwamba gari hilo halikuundwa na vyuma vya kuzuia kuyumba, yaani fito zinazounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kwa sababu kazi hiyo ilikabidhiwa oili. Hivyo atabaki na gari zito linalolala kwenye kona, pamoja na taa ya onyo kwenye dashibodi isiyokubali kwamba mfumo umestaafu.

Mwingine, ambaye hakutaja mji wake, ameongeza katika mfumo huo oili nyekundu ya giaboksi kwa kuwa ile ya kijani iliyoagizwa na watengenezaji haikupatikana dukani. Yote imwagwe, na filta ibadilishwe.

Mama mmoja wa Zanzibar anauliza namna ya kumrejesha nyumbani mumewe, ambaye kila Jumapili hushinda chini ya gari la aina hiyo hiyo. La haraka ni kuhakikisha kwamba anarudi mzima: mkandamizo utolewe kabla ya bomba lolote kufunguliwa, na gari likae juu ya stendi za chuma, si juu ya jeki peke yake, kwa kuwa bodi huweza kushuka ghafla bila kumsubiri aliye chini. Kuhusu Jumapili zenyewe, mama huyo avute subira, kwani mume bado anahangaika na vali, na hajafikia akumuleta, yaani matufe ya chuma yenye nitrojeni nyuma ya utando wa mpira, ambayo gesi ikivuja hulifanya gari lidunde kwenye kila tuta, nayo si moja.