Harrier, Foleni na Bibi Shehena

Ndugu yangu mwenye mke na watoto, wewe utanielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Gari la familia halichaguliwi na anayelilipia. Nyumbani kwangu Tabata linachaguliwa na kikao, na kikao kina wenyewe.

Mwenyekiti ni mke wangu. Watoto na mimi tunamwita CAG, kama yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, maana hakuna risiti inayoingia nyumba ile bila kukaguliwa, hata ya nyanya za genge la jirani. Kifungua mimba wetu ni Spika. Yeye ndiye anayegawa zamu za kuzungumza mezani, na humkatisha hata baba yake bila kupepesa macho. Mdogo wake ni Mchwa. Mwachie kitu asubuhi, mchana uokote unga. Kuna shemeji yangu Profesa, kaka wa CAG, mtu mwema kabisa ambaye akianza habari za magari wali hupoa kwenye sahani. Na juu yao wote yuko mama mkwe wangu, Bibi Shehena wa Marangu, ambaye tangu nimjue hajapanda basi bila mkungu wa ndizi. Nampenda sana mama huyu. Nampenda pamoja na magunia yake.

Noah yetu, gari tulilokuwa nalo, ilikuwa imechoka. Mlango wa pembeni ulifunguka kwa hiari yake, na CAG mwenyewe, ambaye hutengeneza pasi ya umeme badala ya kununua mpya, alisema sasa basi. Tukakubaliana Harrier, lile toleo lililotoka Japani mwishoni mwa mwaka 2013 ambalo mtaani linaitwa Anaconda. Toleo lililolitangulia nalo lina jina lake la mtaani, Tako la Nyani, na Bibi Shehena hakubali litamkwe mbele yake. Yeye husema "lile la zamani", na sote tumezoea kusema hivyo akiwepo.

Ugomvi ulikuwa kwenye injini. Mimi nilitaka ya petroli, lita mbili, basi. CAG akaniuliza kwa nini si ya haibridi, na kabla sijafungua mdomo Profesa alikuwa ameshavuta kiti. Yeye anaendesha hiyo ya haibridi. Akatueleza kuwa Harrier ya kwanza na Prius ya kwanza zilitoka mwezi mmoja, Desemba 1997, kwa mtengenezaji mmoja, Toyota: moja ya starehe, nyingine ya kubana mafuta. Ikachukua hadi 2005 Harrier kupata mota ya umeme, tena pembeni ya injini kubwa ya V6 ya lita 3.3. Kwenye Anaconda wakashusha hadi lita 2.5, silinda nne. Wali ukapoa.

Hoja zangu zilikuwa nzito na bado naziheshimu. Fundi wangu wa Ilala anaijua injini ya petroli hata gizani. Ukimfungulia boneti ya haibridi akaona zile nyaya za rangi ya machungwa, zenye umeme mkubwa wa kuua mtu, anafuta mikono na kurudi nyuma hatua mbili. Halafu kuna kodi. Wakala wetu wa bandarini alituchorea: injini ya petroli ina cc 1,986, kwa hiyo iko kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 5. Ya haibridi ina cc 2,493, imevuka 2,000, inaangukia asilimia 10. Hapo bado ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Nilidhani kwa CAG hesabu hiyo ingetosha.

Haikutosha. Alikwenda kuleta daftari.

CAG anaisubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku EWURA wanayotangaza bei kikomo za mafuta, kama wengine wanavyoisubiri mechi ya Simba na Yanga. Kwenye daftari lile bei zote zimo, hata za miezi ile petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita. Akaniuliza swali moja tu: "Baba Spika, gari letu linaishi wapi?" Nikajibu Tabata. Akasema hapana, linaishi kwenye foleni. Na ni kweli. Asubuhi tunatoka Tabata kwenda Ubungo, tunapanda madaraja ya Kijazi kwa raha, halafu tunashuka Sam Nujoma na kusimama hadi Mwenge. Injini ya petroli imesimama pale inanguruma, kiyoyozi kinavuma, mafuta yanakwenda na gari haliendi.

Ya haibridi, ikisimama, injini inazima. Kiyoyozi chake kinaendeshwa na umeme wa betri kubwa iliyo chini ya kiti cha nyuma, hivyo baridi haikatiki. Betri ikishuka, injini inawaka kidogo, inajaza, inazima tena. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na ndiyo sababu hata breki zenyewe haziliki haraka. Haina stata wala oltaneta za kumlipia fundi. Wajapani walipoyapima kwa kipimo chao, ya petroli ilikuwa kwenye kilomita 16 kwa lita na ya haibridi ilipita 20. Kwenye foleni yetu usitarajie namba hizo kwa yoyote kati ya hizo mbili, ila tofauti inazidi kuwa kubwa, kwa sababu kusimama ndiko ya haibridi inakoshinda.

Spika akaahirisha kikao. Profesa, kwa ukarimu, akatuachia Harrier yake tuijaribu, akachukua Noah, akatuonya kwa kidole: "Matundu yaliyo chini ya kiti cha nyuma msiyazibe. Betri inapumulia hapo." Wote tuliitikia. Mchwa aliitikia kwa sauti kuliko wote, na hapo ndipo moyo wangu ulipodunda.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumpokea Bibi Shehena Stendi ya Magufuli, Mbezi. Alikuwa na ndizi, maparachichi, kahawa, ndoo ya maziwa mgando na kuku wawili hai waliofungwa miguu. Buti ya Harrier ni nzuri kwa mabegi ya kistaarabu. Kwa shehena ya Marangu haikufua dafu. Kilichobaki tulikipanga sakafuni nyuma, nikikisogeza mbali na matundu, naye akikirudisha, nikikisogeza, akikirudisha.

Tulipofika Kimara magari yakasimama na injini ikazima, kama ilivyoundwa. Kimya. Bibi akanigusa bega. "Baba, gari limekufa." Nikamwambia, mama, liko salama, hivi ndivyo lilivyo. Akanitazama kwa huruma ya mtu anayeona mkwewe anaficha aibu, akafungua mlango, akashuka katikati ya Barabara ya Morogoro na kitenge chake, akashika boneti na kumwita kijana wa bodaboda amsaidie kusukuma. Foleni ikasogea. Nikanyanyua mguu kwenye breki, gari likaenda lenyewe bila mlio wowote, na Bibi akaruka pembeni akitaja jina la Bwana. Alipanda tena pale tu injini ilipowaka na akaisikia kwa masikio yake. Njia nzima hadi Tabata aliimba tenzi za rohoni kwa sauti ndogo.

Basi siku zikaenda na nyumba yote ikalizoea gari. CAG alifurahia ngozi ya viti na ule utulivu wa asubuhi. Spika alipenda nembo ya ndege iliyo puani mwa gari. Mchwa alipenda matundu. Aligundua kwamba ukiweka kipande cha tishu pale, kinavutwa na kunata, kwa sababu feni ya betri inanyonya hewa ya ndani ya gari ili kuipoza. Mtoto anayekaa kwenye foleni kila siku akigundua kitu kinachonyonya, wewe ndugu yangu unajua kinachofuata.

Ilikuwa Jumamosi, tunatoka Mlimani City, jua la Dar limekaa wima. Nyuma kulikuwa na mvumo ambao haukuwepo awali. Mara dashibodi ikawaka na maneno yakajaa kioo kidogo, yote ya Kijapani, kwa kuwa magari haya yanakuja kama yalivyouzwa kwao. CAG akauliza limesema nini. Bibi akasema limesema shukeni. Spika akatoa simu, akapiga picha maandishi yale na kuyatafsiri hapo hapo, akatusomea kwa sauti ya kikao: sehemu za kupozea betri ya haibridi zinahitaji matengenezo. CAG akafumba macho. Najua alikuwa anatafuta ukurasa wa daftari utakaoandikwa bei ya betri ya watu.

Profesa alikuja na kandambili, jasho linamtoka, akatupeleka kwa fundi wake wa haibridi. Kijana mtulivu. Alichomeka mashine yake ya kusomea makosa, akatazama joto la betri, akaenda moja kwa moja kiti cha nyuma na kubandua kifuniko cha matundu. Akatoa kichujio. Kilikuwa kimevaa vumbi la Tabata, maganda ya karanga, tishu zilizosagika, manyoya ya kuku wa Marangu na soksi moja ya Mchwa ambayo dada wa kazi alikuwa ameitafuta hadi akalia. Akakisafisha kwa upepo, akakirudisha, akafuta kosa kwenye mashine. Mvumo ukaisha. Betri ilikuwa nzima. Malipo hayakufika hata bei ya tairi moja, na fundi akamrudishia Mchwa soksi yake kwa mikono miwili.

Mimi nilidhani tukio lile lingeirudisha petroli kwenye chati. Usiku ule nilisimama nikaitetea. Nilisema, na leo nasema tena, kwamba mtu anayeishi wilayani, anayekula lami ndefu kila wiki na fundi wake wa karibu ni wa pikipiki, achukue ya petroli bila kuona haya. Kwenye barabara kuu iliyo wazi haibridi haimpi kikubwa, na siku ikigoma atakosa wa kumshika mkono. Spika alinikatisha hapo. CAG akasoma hukumu: sisi tunaishi kwenye foleni, na Desemba tunapanda Marangu tumejaa hadi dirishani, ambako nguvu farasi 197 za haibridi zitapandisha mlima kirahisi kuliko 151 za petroli. Kuanzia siku hiyo hakuna kula karanga nyuma. Mizigo ya Bibi ni buti tu.

Bibi Shehena akasema sharti la mwisho halimhusu, na hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo tumeagiza ya haibridi, nami nimeridhika nayo, kwa sababu daftari lilisema kweli. Wewe unayekwenda kununua, usidanganywe na rangi wala viti. Magari haya yameshatumika miaka mingi Japani, na betri zake mara nyingi zina umri sawa na gari. Muombe muuzaji akuruhusu uje na fundi mwenye mashine, ipimwe hali ya betri, kisha mliendeshe kwenye foleni ya kweli, kiyoyozi kimewashwa, si kuzunguka uani kwake. Inama nyuma, weka tishu kwenye matundu, uone kama inanata. Na kama una mtoto wa jamii ya Mchwa, fungua kichujio hicho kila mwezi wewe mwenyewe, kabla maandishi ya Kijapani hayajawaka.

Ila kama safari yako ya kila siku ni Mwenge, Kimara au Mbagala, chukua haibridi.