Hurrem wa Bunda

Ukitaka kupigwa kitana katika saluni za Bunda, sema hujali nani amecheza Hurrem. Tamthilia ya Kituruki ya Sultan, ambayo Azam TV waliitia sauti za Kiswahili, imetuzalishia mahakimu kuliko chuo chochote cha sheria. Shauri lao kubwa: Meryem Uzerli, aliyeigiza Hurrem, mke wa Sultani, alijiondoa mwaka 2013, nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. "Shoga, mke kabadilishwa sura, na Sultani hata hakushtuka!" anasema msusi, rasta mdomoni. Mwenzake anamjibu kuwa kwa wanawake wote wale, hesabu ilishampotea.

Wajapani walilimaliza suala hili zamani. Katika Oshin, tamthilia ya asubuhi ya NHK ya mwaka 1983, mwanamke mmoja alichezwa na waigizaji watatu: utotoni, ujanani na uzeeni. Robo saa kila asubuhi, kisha watu wakaenda kazini. (Hapo kwenye kwenda kazini ndipo tunapoachana na Wajapani.)

Sasa saluni inapanga waigizaji wa hapa hapa. Kila mwenye kitambi ni Sultani, kila mwenye wigi ni Hurrem. Ibrahim Pasha, waziri wa Sultani aliyeuawa kwa amri ya bwana wake mwaka 1536, hana mtu wa kumcheza. Wa kubeba sinia naye hana mtu. Mteja aliyesukwa nusu kichwa tangu saa mbili ameambiwa atacheza mjakazi, maana uvumilivu anao tayari. Dada, ukienda kusuka huko, nenda umeshiba.