Shangazi, poda isimwagwe bado

Portland, Maine, mwezi wa kumi

Shangazi, na ninyi nyote wa Mudzipela huko Bunia,

Sisi wazima, baridi tu imeanza kutuzoea. Nimesikiliza ujumbe wenu wa sauti, ule mrefu wenye jogoo ndani. Mnauliza: mtoto hajamaliza sekondari, habari za chuo kikuu zinatoka wapi?

Swali la haki. Huko kwetu mtoto anafanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, familia inakesha na simu, asilimia zinaingia, akifaulu anamwagiwa poda mpaka kwenye kope. Ndipo wazee wanakaa kuulizana chuo gani: UNIBU, Shalom, au tumpeleke Kisangani? Huku wamegeuza. Diploma ni mwezi wa sita, lakini maombi mengi ya mapema yanaondoka tarehe 1 Novemba na majibu mengi yanarudi katikati ya Desemba. Kwa hiyo Desemba mkisikia amekubaliwa, shangilieni polepole, na pasta asitangaze.

Milango ya maombi hayo ya mapema ni miwili. Early Action: unaomba mapema, unajibiwa mapema, kisha unakaa na majibu yako hadi tarehe 1 Mei ukilinganisha bei. Unaruhusiwa vyuo kadhaa, ingawa Harvard na Yale wana wivu, hawataki uombe mapema kwao na kwa chuo kingine cha binafsi.

Early Decision ni shauri jingine. Chuo ni kimoja, na kikikukubali umefungwa. Maombi mengine yote unayaondoa. Anatia sahihi mtoto, anatia mzazi, anatia na mshauri wa shule. Yaani upande wa bwana harusi uape kuoa kabla ya kuambiwa ng'ombe wangapi! Baba Mkubwa, wewe uliyebishana mpaka taa ikaisha mafuta kwa ajili ya ndama mmoja, ungetia sahihi hapo?

Wanasema msaada wa fedha usipotosha, chuo kitakuachilia. Sawa. Lakini muuzaji akishajua huna duka lingine la kwenda, akupunguzie kwa nini? Vyuo vinaipenda njia hii kwa sababu vinajua mapema nani atakuja, na wenye nacho wanaipenda kwa sababu hawaulizi bei. Mwaka 2006 Harvard na Princeton walitangaza kuacha kabisa maombi ya mapema, wakisema yanawapendelea wenye uwezo. Mwaka 2011 wakayarudisha, ila yale yasiyofunga. Huruma nayo ina muda wake.

Binti yangu amenuna. "Baba, Early Decision inaongeza nafasi ya kukubaliwa." Kweli, katika vyuo vingi wanaoomba hivyo hukubaliwa kwa wingi zaidi. Nikamjibu kwamba inaongeza pia nafasi ya baba yake kufungasha samaki zamu ya usiku mpaka mvi zimjae. Mama yake akacheka, mimi sikuwa natania. Tumechagua Early Action, na Chuo Kikuu cha Maine kimo katika orodha, kwa sababu ni cha jimbo letu na wakazi hulipa ada ndogo kuliko wageni.

Jirani anayetaka mwanawe aombe vyuo vya Marekani akiwa huko Bunia, mwambieni asitie sahihi ya Early Decision kabla hajajua atalipa dola ngapi kwa mwaka. Kama barua imeandikwa Kiingereza kigumu, anipigie picha anitumie. Nitamsomea jioni, nikitoka kazini.