Gia ya Kuitikia Salamu

Mtu anaweza kula chumvi nyingi Shangani au Ligula asijue kwamba mkoa wa Mtwara una vilima. Mjini ni bapa. Baiskeli ya gia moja itakupeleka sokoni, itakufikisha kivuko cha Msangamkuu, itakurudisha nyumbani, na shati litabaki na pasi yake. Ndiyo maana mjini kwetu gia ni pambo. Kijana akipata baiskeli ya mtumba yenye gia 21 ataitaja hadi mbele ya wakwe, ingawa tangu ainunue cheni haijahama ilipokuwa.

Balaa huanza ukitoka mjini. Ukishika njia ya Msimbati, mbele ya Madimba mchanga unaweza kukumeza gurudumu, unyonge pedeli na mnazi ulio kando yako usisogee. Ukielekea Mikindani, kuna vilima. Wajerumani walipojenga Boma lao pale mwaka 1895 waliliweka juu, litazame mji na ghuba. Waliwaza bunduki, hawakumwaza mtu atakayepanda huko na kreti ya soda kwenye keria. Livingstone naye, mwaka 1866, alijaribu kwanza mdomo wa Ruvuma. Mikoko ilimnyima pa kushushia wanyama, akageukia Mikindani. Alikuwa na ngamia, nyati, baghala na punda. Watu humsifu kwa ujasiri, lakini mimi namsifu kwa kuja na miguu mingi kiasi hicho.

Newala ndiyo hila tupu. Uwanda wa Makonde umeinama: upande wa bahari uko chini, upande wa magharibi uko juu, kisha unakatika ghafla pale Shimo la Mungu, unaliona bonde la Ruvuma chini kabisa. Kwa hiyo anayetoka Mtwara kupitia Nanyamba na Tandahimba anapanda bila kuambiwa. Macho yanasema tambarare, mapaja yanasema mlima. Nimeshawahi kushuka njiani kukagua kama breki imekwama. Haikuwa imekwama.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea. Baiskeli ya kawaida ya inchi 28 yenye meno 48 mbele na 18 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na theluthi mbili. Hapo umeshakwenda karibu mita 6. Kwenye lami ya bapa ni raha. Kwenye kilima, mita 6 kwa mzunguko mmoja ni deni ambalo goti haliwezi kulilipa. Weka meno 22 nyuma, unakwenda chini kidogo ya mita 5, na goti linaanza kusikia lugha. Baiskeli ya milimani mara nyingi ina meno 28 mbele na 28 nyuma katika gia yake ya chini: pedeli mzunguko mmoja, gurudumu mzunguko mmoja. Kwa gurudumu la inchi 26 hizo ni kama mita 2, na kwa hizo unapanda hata ukuta, ilimradi huna haraka.

Na zile 21? Nyingine ni pacha. Mbele 48 na nyuma 24 unapata mbili. Mbele 28 na nyuma 14 unapata mbili ileile. Umelipia gia moja mara mbili, na muuzaji anakutazama usoni.

Yangu ilikuwa ya mtumba, yenye gia zote hizo. Nikaipeleka Mikindani na kreti ya soda ya shughuli ya shemeji. Chini ya kilima nikajiona bado nina nguvu, sikubadilisha chochote. Katikati, nguvu zilipokata, nikavuta gia. Cheni iliyokazwa na uzito wote wa mtu na kreti haihami kwa adabu. Ililia, ikaruka, ikajipachika kati ya meno na spoki. Gia hubadilishwa kabla ya mlima, cheni ikiwa imelegea. Hilo nilikuja kuambiwa na mvulana mwenye sinia la karanga, akiwa amesimama kando yangu akitafuna mtaji wake.

Kabla ya cheni kukwama kulikuwa na aibu nyingine. Alipita mama mtu mzima na ndoo ya dagaa kichwani, anapanda taratibu, hahemi. Alinipita. Kwa umri wake mimi ndiye niliyepaswa kuamkia. Nikafungua mdomo, ikatoka "shii", basi. Akanisubiri hatua mbili tatu, aone kama nina neno la kuongeza, kisha akaiambia ndoo yake, "Watu wazima wa siku hizi hawaamkii." Yule mvulana wa karanga naye alinipa shikamoo safi kabisa. "Mara" nilimjibu palepale. "Haba" aliipata baadaye, nikiwa nimekaa juu ya kreti.

Fundi aliitazama baiskeli, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwalimu, hizi gia ndizo zinazokusumbua. Tuzitoe." Kabla sijasema ndiyo wala hapana, kile kichuma cha nyuma kinachohamisha cheni kilikuwa kwenye kopo la misumari, cheni imekatwa, imefungwa kwenye meno 14, lile duara dogo kuliko yote. Mbele 48. Nilipouliza mbona huko, alisema, "Huku ina mbio." Kweli ilikuwa na mbio, kuteremka. Kupanda nilikuwa naikokota mkononi, nayo ikinikanyaga kisigino kila baada ya hatua.

Nikarudi nikamwomba anibadilishie friwili yote, aniwekee ya meno 22. Alinionea haya. Hiyo, alisema, ni ya wazee na wabeba mkaa. Nikamjibu kuwa hata Ufaransa walisema hivyohivyo: Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, aliamini gia za kubadilisha zinawafaa waliovuka miaka 45, na mashindano yake hayakuruhusu gia za kisasa za kuhamisha cheni hadi mwaka 1937. Vijana wa watu walisukuma milima ya Alps kwa ukaidi wa mzee mmoja. Mimi umri huo nimeuvuka, nina kibali cha Mfaransa. Fundi hakuwa anamjua Desgrange, lakini neno kibali lilimwingia. Akaifunga.

Tangu hapo nina kipimo kimoja cha gia, nacho ni salamu. Nikiwa katikati ya mwinuko, niweze kusema shikamoo, niulize za nyumbani, nipokee za watoto, niage. Walimu wa mazoezi nao wanacho cha namna hiyo: ukiweza kuongea huku unafanya zoezi, mwendo ni wa wastani, maneno yakikatika, umezidisha. Tofauti ni kwamba wao wanalinda moyo, sisi tunalinda pia jina la ukoo.

Basi msimu wa korosho ukifika na mkono umejaa, usimuulize muuzaji baiskeli ina gia ngapi. Chuchumaa uhesabu meno ya nyuma mwenyewe. Yakiwa chini ya 20 na njia yako inapita Mikindani, mpelekee fundi abadilishe kabla hujafunga mzigo. Na akikwambia "huku ina mbio," ichukue baiskeli yako, nenda kwa fundi mwingine.