Mihogo ya Wakwe

Gunia lilifika kwetu Kakontwe Alhamisi jioni, limefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli ya shemeji. Ilikuwa mihogo minene ya kuchemsha na kuliwa na karanga, maana Jumapili wakwe walikuwa wanakuja kuzungumza mahari ya wifi yangu. Mama mkwe akauliza mbona imechimbwa mapema. Shemeji akajibu, "Mama, chakula cha wageni hakitafutwi wageni wakiwa mlangoni."

Jumapili alfajiri nikapasua muhogo wa kwanza. Chini ya ganda kulizunguka michirizi ya bluu iliyokaribia weusi, imekolea zaidi shingoni, pale ulipong'olewa kwenye shina, na pale jembe lilipouchana. Wa pili vilevile. Wa tatu ukamliza wifi.

Mashtaka yakaanza. Shemeji alimshuku jirani aliyemkazia macho njiani. Wifi alilaumu vumbi la migodi ya shaba. Mjomba, ambaye kila baya la Kakontwe hulipeleka kwenye mawe ya chokaa, akayapeleka huko na hili.

"Baba mdogo, jirani hana kosa," akasema binti yangu anayesomea kilimo. "Muhogo umejifanyia wenyewe."

Akaeleza akiwa amekishika kipande. Mzizi ukijeruhiwa, chembe zake hutoa peroksidi ya hidrojeni. Kimeng'enya kiitwacho peroksidesi, chenye chuma ndani yake, huitumia peroksidi hiyo kuunga kemikali za mmea ziwe lignini, ukuta mgumu wa kuziba jeraha. Kiazi kitamu kikiwekwa penye joto na unyevu hufanikiwa, kikaota ganda jipya. Muhogo ukishachimbwa hushindwa: mbegu yake ni kipande cha shina, na mzizi ni ghala tu la chakula. Kazi ya kuziba haikamiliki, na peroksidesi hiyohiyo huivamia skopoletini, kemikali inayojaa kwenye muhogo uliojeruhiwa, ikaigeuza kuwa ile rangi. Siku moja hadi tatu zinatosha.

"Kumbe ulikuwa unajitibu?" shemeji akauliza.

"Ulikuwa unajitibu, Baba mdogo. Na wewe uliuumiza tangu Alhamisi."

Mama mkwe hakungoja hukumu. Akaagiza makaa yaongezwe, maji ya bukari yawekwe jikoni, sombe itwangwe. Wakwe walikula wakashiba, mahari ikazungumzwa, na habari ya gunia haikufika mezani. Shemeji siku hiyo alikula kimya, jambo ambalo nyumba yetu haikuwa imelizoea.

Basi, mwenye wageni Jumapili achimbe mihogo Jumapili. Akilazimika kuichimba mapema, akate mashina wiki mbili au tatu kabla, aache visiki vifupi na mizizi ibaki ardhini. Mihogo ya namna hiyo huchelewa kuharibika. Na anayechimba aliweke jembe mbali na mzizi, kwa sababu kila mchubuko ni mlango wa weusi.